Msipokee mtaa ambao hamjauona tumboni: barua ya wazi kwa wakuu wa manispaa

Kwa waheshimiwa madiwani, wakurugenzi, wahandisi na maofisa mipango miji,

Mimi ni fundi bomba. Riziki yangu naipata kwa kufukua barabara ambazo ofisi zenu zimekwisha kuzipokea kwa sahihi na muhuri. Nawaandikia kwa heshima, na kwa uchungu pia, kwa sababu sehemu kubwa ya ubovu ninaoufukua mtu mmoja wa manispaa angeuona kwa dakika kumi tu, lau angesimama kando ya mtaro siku ambayo bomba lilikuwa bado liko wazi.

Niwape mfano mmoja. Niliitwa kwenye mtaa mpya, viwanja vimepimwa vizuri, lami haijamaliza mwaka. Wakazi walilalamika kwamba kila maji yanaporudi baada ya kukatika, ndoo ya kwanza inatoka na harufu. Ramani niliyopewa ilionyesha bomba la maji safi upande wa kushoto wa barabara. Tulichimba shimo la kwanza, hamna kitu. La pili, hamna. La tatu, upande wa kulia kabisa, ndipo tukalipata, limelala ubavuni mwa chemba ya maji taka. Nilijaribu kupitisha kiganja kati ya bomba na ukuta wa chemba, kikagoma kuingia. Ukuta ule ulikuwa na ufa, na udongo wote uliolizunguka bomba ulikuwa mweusi, umelowa. Kiungo cha bomba kilikuwa kimekalia jiwe na kimeanza kuachia.

Maji yakiwa na presha, kiungo kama hicho huvujisha nje polepole na hakuna anayejua. Maji yakikatika, presha hushuka, pengine ikageuka kuwa mvuto, na bomba lile lile lililokuwa likitema huanza kunyonya kilicho nje yake. Nikiwa bado shimoni, mama mmoja alikuja akasimama ukingoni na ndoo mkononi. Akaniuliza, "Fundi, haya maji tumeyanywa tangu lini?" Nilishindwa kumjibu. Nilichoweza kumwambia ni, "Mama, kwa sasa msiyanywe, na uwajulishe majirani."

Swali lile ndilo lililonikalisha kuandika.

Viwango vya jambo hili havikufichwa mahali popote. Vile vinavyofuatwa sana Amerika Kaskazini vinataka bomba la maji safi na la maji taka yaachane angalau mita 3 kwa upana, na yanapolazimika kukatizana, la maji safi lipite juu inapowezekana, na nafasi kati yao isipungue sentimita 45. Kwingine tarakimu hupishana kidogo, sababu ni ile ile. Mwendelezaji anapoleta ofisini michoro ya viwanja vyake, mistari huwa imenyooka, mita 3 zipo, kina kipo, mteremko upo. Mara nyingi mchoro hauna kosa lolote. Kosa huzaliwa baadaye, kati ya asubuhi mtaro unapochimbwa na jioni unapofukiwa, na katika saa hizo mtu wa manispaa huwa hayupo.

Ndiyo maana ombi langu ni moja: msipokee mtaa ambao hamjauona tumboni. Siku ya makabidhiano mnaonyeshwa lami inayong'aa, kingo zilizopakwa rangi na taa zinazowaka. Hiyo yote ni ngozi. Kilicho chini yake hakionekani tena, na kinategemewa kukaa huko miaka 50 au zaidi kikibeba maji ya kunywa na uchafu wa kila nyumba.

Nianze na kufukia, maana wengi hudhani kufukia ni kurudisha udongo shimoni basi. Mwaka 1933 mhandisi wa Marekani, Ralph Proctor, alionyesha kwamba kila udongo una kiasi chake cha unyevu ambacho, ukishindiliwa nacho, hushikamana kuliko kwa kiasi kingine chochote. Ukiwa mkavu mno haushikani, ukilowa mno maji huchukua nafasi ya udongo na kushindilia kwako kunakuwa kazi bure. Mpaka leo viwango vingi vya mitaro iliyo chini ya barabara hudai mshindilio usiopungua asilimia 95 ya kipimo kilichotokana na kazi yake, na udongo urudishwe kwa matabaka membamba, sentimita 15 hadi 20, kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine kumwagwa.

Ninachokikuta mimi ni udongo uliosukumwa na greda kwa mkupuo mmoja, kina cha mita moja na nusu, kisha ukapitishiwa rola juu. Ndani yake nimewahi kutoa mawe makubwa kuliko kichwa cha mtu, mifuko ya saruji na matawi ya miti. Juu panakuwa pagumu kama sakafu, na mkaguzi akija siku hiyo atapiga mguu chini na kuridhika. Mvua mbili tatu zikipita, maji yanazama, udongo unashuka, lami inafuata. Mkiona barabara changa imebonyea kwa mstari mwembamba, umenyooka kama umepigwa rula, mjue hapo chini kuna bomba ambalo mtaro wake haukushindiliwa. Nalo bomba lenyewe, likiwa limelalia jiwe badala ya mchanga laini, hubeba uzito wote wa barabara kwenye sehemu moja ndogo. Plastiki haivunjiki siku hiyo. Huvumilia, ikapinda taratibu, ikapasuka mwaka wa tatu au wa nne, wakati mkandarasi amekwisha lipwa na dhamana yake imekwisha rudishwa.

Maji taka yana ugumu wake, kwa sababu hakuna kinachoyasukuma isipokuwa mteremko. Kwa bomba la milimita 200, viwango vinataka kushuka angalau sentimita 40 katika kila mita 100, ili maji yaende kwa mwendo wa kama sentimita 60 kwa sekunde na kujisafishia njia. Chini ya mwendo huo vitu vizito hutuama. Sentimita 40 kwa mita 100 ni milimita 4 kwa kila mita, kitu chembamba kuliko kidole. Fundi akiweka bomba kwa kukadiria kwa jicho, au udongo wa chini ukishuka kidogo, bomba linafanya tumbo: linashuka, linapanda, kisha linashuka tena. Pale kwenye tumbo uchafu hukaa. Mwenye nyumba ya karibu ataishi akiita watu wa kuzibua, na kila mmoja atalaumu matumizi yake ya choo.

Lakini tumbo hilo linaonekana kabla ya nyumba hata moja kujengwa, na kipimo chake hakihitaji mashine yoyote. Mzee aliyenifundisha kazi alinionyesha nikiwa bado kijana wa kubeba koleo. Mtu mmoja anamulika tochi ndani ya bomba kutoka chemba ya juu. Mwingine yuko chemba ya chini na kioo kidogo, amekiinamisha mbele ya mdomo wa bomba. Bomba likiwa limenyooka, kwenye kioo unaona duara zima la mwanga, mviringo kama mwezi mpevu. Likiwa limepinda, unaona nusu mwezi, au kipande chembamba kama ukucha. Kukiwa na maji yaliyotuama, mwanga unameta upande wa chini na kutikisika. Nimefanya hivyo mara nyingi mno, na bado nikiliona duara zima moyo wangu unatulia. (Nazungumzia chemba mpya ambazo hazijaanza kutumika. Chemba yenye uchafu ina hewa inayoua, na asishushwe mtu humo bila vipimo vya hewa na kamba ya kumtolea.)

Kwa mabomba ya plastiki kuna kipimo kingine, kizuri sana. Siku zisizopungua 30 baada ya kufukia, kipande kigumu cha mviringo, chembamba kidogo tu kuliko bomba, huvutwa kwa kamba kutoka chemba moja hadi nyingine. Kikipita, bomba limebaki mviringo. Kikikwama, limebonyea zaidi ya asilimia 5 inayoruhusiwa, na mkandarasi afukue. Anayeweza kulipia kamera ya kupita ndani ya bomba ailipie, na picha zikae kwenye faili la mtaa. Asiyeweza ana tochi, kioo na kamba.

Bomba la maji safi nalo lisiunganishwe na mtandao wa mji kabla ya kupimwa kwa presha iliyo juu ya ile ya kazi, kwa kawaida mara moja na nusu, likae hivyo kwa saa 2 au zaidi mkiangalia kama mshale wa kipimo unashuka. Kisha lioshwe na kutiwa klorini. Njia inayotumika sana ni kulijaza maji yenye miligramu 25 za klorini kwa lita, likae saa 24, na mwisho wake zisipungue miligramu 10. Baada ya hapo sampuli iende maabara. Nimeona mitaa ambayo bomba lilifunguliwa siku lilipofukiwa, likiwa bado na tope la mtaroni ndani. Watu walilichota tope lile wakidhani ni hali ya kawaida ya bomba jipya.

Sasa mvua, na hapa nawaomba madiwani hasa mnisikilize, kwa sababu mafuriko ya mtaa wa chini mara nyingi huidhinishwa mezani kwenu mnapopitisha viwanja vya mtaa wa juu. Chukueni hekta moja ya nyasi. Mvua ya milimita 50 kwa saa huimwagia mita za ujazo 500 kila saa. Ardhi ikinywa kiasi kikubwa na kuachia sehemu moja ya tano itiririke, mfereji unapokea kama lita 28 kwa sekunde. Jengeni pale mapaa, lami na nyua za saruji hadi asilimia 70 ya maji itiririke, na mfereji ule ule unapokea lita 97 kwa sekunde. Mvua haikubadilika hata tone. Hesabu ya namna hii Emil Kuichling aliichapisha Marekani mwaka 1889, kwa hiyo hakuna mhandisi wa leo anayeweza kusema hakuijua.

Kwa hiyo michoro ya viwanja vipya isiishie kwenye mpaka wa viwanja hivyo. Iwaonyeshe maji yanakwenda wapi baada ya hapo, karavati la chini lina uwezo gani, na nani anaishi kando yake. Kama kinachotoka ni zaidi ya kile cha zamani, mwendelezaji atenge mahali pa kuyashikilia maji na kuyaachia kidogo kidogo. Na mtakapoambiwa kwamba mfereji umesanifiwa kwa "mvua ya miaka 10", msielewe kwamba utajaa mara moja kila baada ya miaka 10. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 10 wa mvua kubwa kuliko uwezo wake. Katika miaka 10 uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni kama asilimia 65. Wakazi waelezwe hivyo kabla hawajanunua.

Ya juu ya ardhi nitayapita haraka, maana yana watetezi wengi. Barabara yenyewe iwe na mgongo, asilimia 2 hadi 2.5 kuelekea kingo, ili maji yasilale juu yake. Gari la zimamoto lipate kupita na kugeuka: kanuni za zimamoto zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani zinadai upana wazi wa kama mita 6, na barabara isiyo na mtokeo inayozidi mita 45 iwe na mahali pa kugeuzia. Njia ya waenda kwa miguu ishuke kwenye kona kwa mteremko ambao mtu wa kiti cha magurudumu anaumudu mwenyewe, sentimita moja kwa kila sentimita 12. Na mtaa wa makazi usanifiwe ili dereva aende kilomita 30 kwa saa kwa sababu ya umbo la barabara, kama lilivyohimiza Azimio la Stockholm la Februari 2020 kwa sehemu ambazo magari na watu huchanganyika. Kibao peke yake hakimpunguzii mtu mwendo kwenye barabara pana iliyonyooka.

Upana wenyewe msiuachie uliwe. Mwaka 1859 Ildefons Cerdà aliichorea Barcelona mitaa yenye upana wa mita 20, kona zote zikiwa zimekatwa ili magari yageuke na watu waonane. Zaidi ya miaka 160 imepita, nyumba nyingi zimebomolewa na kujengwa upya, na mistari ile bado iko pale pale. Nyumba ikikosewa inarekebishwa na mwenye nyumba. Hifadhi ya barabara ikishaliwa na kuta, mimi nikija na bomba jipya sina pa kulipitisha isipokuwa chini ya uwanja wa mtu.

Jambo jingine linaloniuma ni malori. Barabara mpya huwekwa lami yote, kisha ndiyo ujenzi wa nyumba unaanza, na kila lori la mchanga na kokoto linapita juu yake. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: uzito ukiwa mara mbili, uharibifu unakaribia mara 16. Lori moja lililojaa linaila barabara kuliko maelfu ya magari madogo. Wekeni sharti kwamba tabaka la mwisho la lami lisubiri hadi nyumba nyingi ziishe, na fedha yake ibaki mikononi mwa manispaa mpaka siku hiyo. Na kabla ya lami yoyote, mabomba matupu ya kupitishia nyaya yalazwe kukatiza barabara kila penye kona na katikati ya mtaa mrefu. Bomba tupu lililolazwa mtaro ukiwa wazi linatuepusha kuikata lami kila kampuni ya umeme au ya intaneti inapokuja.

Nirudi kwenye ramani ile iliyonipeleka upande wa kushoto wakati bomba liko kulia. Ilikuwa ni mchoro wa kusudio, uliopitishwa kabla ya kazi. Njiani mkandarasi alikutana na mwamba, akahama, hakuandika. Nawasihi: msipokee michoro ya kusudio mkaiita kumbukumbu. Daini michoro ya kazi kama ilivyojengwa, iliyopimwa na mpimaji mtaro ukiwa wazi, yenye kina cha kila kiungo, kila valvu na kila chemba. Juu ya kila bomba la plastiki ulazwe waya wa shaba unaoweza kutafutwa kwa kifaa kutoka juu, maana plastiki peke yake haijibu kifaa cha kutafutia chuma. Utepe wa rangi wa tahadhari uwe sentimita 30 hivi juu ya bomba, ili koleo liukute kwanza. Siwezi kuwahesabia mara ambazo utepe ule umeniokoa nisikate kebo.

Najua mtakachonijibu. Mna mhandisi mmoja, viwanja vinaibuka kila upande, gari la ofisi halina mafuta. Naamini ni kweli. Lakini sisemi akeshe kwenye kila mtaro. Nasema kazi isimame mahali pachache na isiendelee bila sahihi yake: bomba likiwa limelala bado halijafukiwa, tabaka la udongo likiwa limeshindiliwa nusu ya kina, mabomba yakiwa yamepimwa kabla ya lami, na lami ya mwisho. Ada ya ukaguzi ailipe mwendelezaji, iandikwe wazi, na imfikishe mkaguzi kazini. Mkandarasi atume taarifa siku mbili kabla. Akifukia bila kukaguliwa, afukue kwa gharama yake, hata kama bomba ni zuri. Mkifanya hivyo mara moja tu na habari ikaenea, hamtalazimika kufanya mara ya pili.

Wapo waendelezaji waaminifu, nimefanya nao kazi. Hao ndio wanaoumizwa zaidi na ukaguzi dhaifu, kwa sababu mwenzao anayefukia kwa greda anauza viwanja kwa bei ya chini, na mnunuzi hawezi kuona tofauti. Mnunuzi analiamini jina lenu. Anapoambiwa "mtaa umepokelewa na manispaa", anaelewa kwamba mlitazama. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila hapa wanaoumbuka ni wakazi, miaka mitano baadaye, wakati fedha ya kurekebisha inatoka kwenye kodi zao.

Dhamana nayo iongezwe muda. Mwaka mmoja ni mfupi mno, maana mtaro unaweza kupita msimu mmoja wa mvua haba bila kushuka. Ishikiliwe angalau miaka miwili, na kabla ya kuirudisha mrudi mtaani na kioo, tochi na kamba ile ile, mpime upya.

Naomba mlete suala hili kwenye kikao chenu kijacho. Na kabla hata ya kikao, mtaro ukifunguliwa wiki hii kwenye viwanja vyovyote vilivyo chini yenu, tumeni mtu. Aje na futi kamba na viatu vya matope, afike kabla ya saa tisa alasiri, kwa sababu kufukia huanza hapo. Mafundi tuliopo tutamwonyesha pa kukanyaga.

Wenu katika kazi,
Fundi bomba